Mashine ya Kusikilizia Kanda ya Babu

Sikuwa fundi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi niliyeishi Gungu, mwenye hasira za karibu na bisibisi moja, na kila redio niliyoifungua ilibakiza skrubu. Bibi yangu alilijua hilo, lakini aliponiletea kanda ya marehemu babu hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Ilikuwa kanda ya zamani, utepe mpana ulioviringishwa kwenye gurudumu la plastiki. Miaka michache nyuma, kabla ukoo wetu haujashushwa kutoka milimani na kupelekwa kijiji kipya cha ujamaa kwenye barabara ya Mwandiga, alipita mwanafunzi wa chuo akikusanya masimulizi ya Waha. Babu alikubali kuongea kwa sharti moja, kwamba amalizie kwa kutaja makaburi yetu yote, maana alishaambiwa tutahama. Mwanafunzi alimrekodi, baadaye akamletea nakala. Babu aliitunza kwenye kopo la unga mpaka akafariki, na hakuna aliyewahi kuisikiliza kwa sababu hakuna aliyekuwa na mashine yake.

Bibi alitaka kaburi moja tu, la mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa. Alikuwa amepanda peke yake kule mahame kwenda kulipalilia. Nyumba zilishabomolewa, migomba imegeuka msitu, akazunguka tangu asubuhi bila kujua ainame wapi. Aliporudi alikaa siku mbili bila kula vizuri.

"Mama gani anasahau alipomlaza mwanawe?" aliniuliza.

Iliniuma sana. Nikamwambia nitaitengeneza hiyo mashine, ingawa sikujua pa kuanzia.

Jirani yangu, mzee muuza dagaa aliyetoka upande wa Kongo, alinipa gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono, akasema nichukue lakini santuri zake nisiziguse. Mota yake ya springi ndiyo ingevuta utepe na kuuviringisha kwenye gurudumu la pili. Kisha nikang'oa hedi, kile kichuma kinachosoma kanda, kutoka kwenye redio kaseti yetu ya pekee, nzima kabisa. Mke wangu alizikusanya kaseti zake akazifungia kabatini. Nikaunganisha hedi na redio kwa waya ndefu, nikaipigilia kwenye ubao. Mara ya kwanza utepe ulikatika, nikauunga kwa selotepu. Mara ya tatu niliupiga ubao teke nikaumia kidole. Kufikia Jumapili, bibi akiwa amekaa mkekani, sauti ikatoka.

Ilikuwa sauti ya haraka haraka, nyembamba, kama kuku anafukuzwa. Nilifurahi mno. Bibi hakufurahi.

"Huyo simjui," alisema.

Akasogea, akaweka kidole kwenye ukingo wa gurudumu lililokuwa likizunguka, akalizuia kidogo. Sauti ikashuka, ikashuka tena, ikawa ya mtu mzima anayeongea Kiha taratibu.

"Hapo. Ndiye."

Kadiri gurudumu lilivyojaa utepe, mwendo ulizidi, naye alikaza kidole kwa kumfuata mumewe kwa sikio tu. Mimi na cheti changu cha ualimu tulibaki kuzungusha mkono wa gramafoni.

Babu aliwataja wazazi wake, kisha ndugu zake, kila mmoja na mahali pake. Hakuwa na haraka, na mimi nilikuwa nikitokwa jasho.

"Mtoto wetu wa kwanza," akasema hatimaye, "toka lile jiwe kubwa la kusagia, unaelekea ziwani, hatua nane."

Hapo ikaingia sauti nyingine, ya mwanamke aliyekuwa mbali kidogo na kinasa sauti.

"Tisa. Hizo nane umezitoa wapi? Ni tisa."

Babu akasema kwa unyonge, "Haya, tisa. Mama yake ndiye anayejua."

Bibi aliondoa kidole. Maneno yakaanza kukimbia, nikaisimamisha mota.

"Ni nani huyo?" aliniuliza, ingawa machozi yalishaanza kumtoka.

"Ni wewe, bibi."

Aliukamata mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nilikuwa najua," alisema. "Mwana wanje, mwanangu, nilikuwa najua."