Kabla Picha Haijafika Nyamahanga

Tuliondoka Bukoba kwenda kuirudisha filamu kwa wenyewe. Mwaka jana, wakati wa masika, nilikaa Kirushya, wilayani Ngara, nikimrekodi mama mmoja mkulima ambaye kule wote humwita Mama Devota. Aliugua kifafa tangu usichana wake. Mbele ya kamera alieleza alivyokuwa akianguka, watu walivyomkimbia wakiamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, na jinsi dawa za zahanati zilivyomsaidia mpaka akaacha kuanguka. Mkono wake wa kushoto una kovu kubwa la moto. Alilionyesha bila kuombwa. Sasa tulitakiwa kuionyesha filamu hiyo Kirushya kwanza, kisha Kibimba, na mwisho Nyamahanga katika wilaya ya Biharamulo, na kila mahali tucheze igizo fupi na kuzungumza na watu juu ya ugonjwa huo.

Tulikuwa watatu. Leokadia ndiye anayetunga maigizo yetu na kuyacheza. Sospeter anaigiza pia, na gari ni lake. Mimi ni mtu wa kamera na projekta.

Njiani, baada ya Muleba, wenzangu waliimba na kutaniana. Mimi nilikuwa nawaza filamu. Filamu ikiwa ndani ya kompyuta yangu ni mali yangu. Ikishawekwa ukutani mbele ya majirani wa mtu, siwezi tena kuirudisha. Tulipita Biharamulo mjini, tukafika Lusahunga, tukaingia barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Kilikuwa kiangazi, na vumbi lilikuwa limeyageuza majani ya kando ya njia kuwa mekundu. Kila lori lilipotupita nilikumbatia boksi la projekta kana kwamba ndilo litakaloumia. Nilikuwa najiuliza swali moja tu: je, wakimcheka?

Kirushya hawakumcheka. Tulionyesha mchana, ndani ya ukumbi wa kanisa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ya waumini. Mama Devota alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya, mikono magotini. Uso wake ulipotokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, watu walinong'ona kwa Kihangaza, lugha ya kule, kisha wakanyamaza mpaka mwisho. Baadaye mzee mmoja alisimama akasema kwamba yeye ni jirani yake tangu zamani na hakuwahi kumgusa alipoanguka, na kwamba kuanzia leo atamgusa. Wakapiga makofi. Nilipumua.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, Mama Devota alinijia. Alitaka kujua tunaelekea wapi. Nikamwambia Kibimba, halafu Nyamahanga.

"Nyamahanga," alisema. "Devota ameolewa huko."

Nilimkumbuka Devota, binti mrefu aliyekuwa akituletea maji ya kunywa siku za kurekodi. Aliolewa baada ya mavuno, na wakati mama yake alipokubali filamu izungushwe katika wilaya zote mbili, hakuna aliyekuwa akiwaza habari za posa. Mama Devota alinieleza polepole. Wakwe walipokuja kuuliza habari za ukoo, kama ilivyo desturi, wajomba walijibu kwamba nyumba hii haina ugonjwa. Kule watu wengi bado wanasema kifafa hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wakijua, wanaweza kumrudisha binti.

Nilimwambia kwamba filamu ni yake na tunaweza kuizuia. Alitikisa kichwa. Alisema yeye hakatazi, kwa sababu hata huko Nyamahanga wako watu wanaoanguka na kukimbiwa. "Lakini mwanangu yuko kule," akaongeza, kisha akaenda zake. Nilibaki na nyaya mkononi. Hakuwa amesema ndiyo, wala hakuwa amesema hapana.

Kibimba tulifika kesho yake, na huko ndiko hofu ilikonishika sawasawa. Leokadia alishauri tuonyeshe kama tulivyopanga, kwani Kibimba ni Ngara na habari za Mama Devota hazikuwa siri. Filamu ilipoanza, mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Mwanamume mmoja alitoka nje sehemu ya kovu ilipofika. Kisha, katikati ya mazungumzo, mfanyabiashara wa maharage aliyekaa nyuma alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mama huyo anamjua, ni yule aliyeozesha Nyamahanga. Akasema yeye mwenyewe hupeleka mzigo huko.

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu hapo niliona kwamba hata tukiificha filamu, habari ina miguu yake. Tulimpigia Devota simu kwa namba aliyotupa mama yake. Haikupatikana. Tukapiga tena tukiwa njiani kurudi Lusahunga, na tena tulipoacha lami. Haikupatikana.

Nyamahanga tulipokewa na mtendaji wa kijiji, kijana mchangamfu ambaye alikuwa ameshatangaza kila mahali kwamba kesho kuna sinema. Tulimwomba atuelekeze kwa Emmanueli, mume wa Devota, tukisema tunaleta salamu. Emmanueli mwenyewe alikuwa amesafirisha mahindi kwenda Biharamulo mjini. Aliyetupokea ni mama yake, mwanamke mnene mwenye macho makali, na ukarimu wake ulinizidishia aibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kalibuni, kalibuni ndani."

Alituwekea ndizi na maharage kabla hatujaeleza lolote. Kisha akamwita mke wa mwanawe aje kusalimia wageni. Devota aliingia na maji ya kunawa. Aliponiona, maji yakamwagika kidogo. Alipiga goti akatusalimia mmoja mmoja, na mimi akanisalimia kama mtu asiyewahi kuniona.

"Huyu ndiye mkwe wangu," Mama Emmanueli alisema. "Tangu aje, mgongo wangu umepumzika."

Tulikula tukisubiri mama huyo atoke hata kidogo. Hakutoka. Alikaa nasi, akauliza sinema inahusu nini. Leokadia alijibu kwamba inahusu afya. Afya gani? Kifafa, alisema Leokadia, maana uongo ungekuwa mbaya zaidi. Mama Emmanueli aliacha kutafuna. Akasema ule ni ugonjwa wa kutisha. Devota alikusanya vyombo akatoka, na hatukupata nafasi ya kumwambia hata sentensi moja.

Jioni hiyo tulibishana kwenye gari. Sospeter aliona tuondoke kabisa. Leokadia alisema wagonjwa wa Nyamahanga hawana kosa. Mwishowe tulikubaliana: filamu ibaki kwenye boksi, tucheze igizo tu, lisilo na jina la mtu wala la mahali. Nilimwambia mtendaji kwamba projekta ina hitilafu. Hakufurahi hata kidogo, maana ni yeye aliyekuwa amewaita watu.

Siku ya onyesho uwanja wa shule ulijaa tangu saa nane. Wengine walinung'unika waliposikia hakuna sinema. Mama Emmanueli alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele pamoja na kina mama wa jumuiya. Devota alikuwa nyuma yake, kwenye nyasi. Mimi sikuwa na kazi, na mtu wa kamera asiye na kamera hajui aweke wapi mikono yake.

Igizo lenyewe ni rahisi. Mke yuko jikoni, kuna mafiga matatu na kuni zisizowashwa. Mume anarudi kutoka shambani. Mke anaanguka karibu na moto, anaanza kutikisika, na mume anakimbia. Hapo Sospeter husimama, huwageukia watazamaji, huwaambia kwamba huyu mama bado yuko motoni na anayejua la kufanya aje alifanye. Kwa kawaida watu hucheka kidogo, kisha mmoja husukumwa na wenzake.

Safari hii hakucheka mtu. Leokadia alikuwa chini, miguu ikigonga vumbi. Sospeter alirudia ombi lake. Hakutoka mtu. Leokadia hawezi kuacha kutikisika mpaka mtu aje, hivyo aliendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo ilivyozidi kufanana na kweli. Nilitaka kumwambia Sospeter alimalize.

Ndipo Devota aliposimama. Alipita kando ya benchi la mama mkwe wake bila kumtazama, akaingia uwanjani. Kwanza alisogeza figa lililokuwa karibu na kichwa cha Leokadia. Akavua khanga ya mabegani, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa. Akamlegezea nguo shingoni, akamgeuza alale ubavu, na hakumtia kitu chochote mdomoni. Kisha akakaa chini karibu naye, mkono begani, akimwambia maneno ya Kihangaza ya kumtuliza, kama anavyobembelezwa mtoto. Leokadia alitulia. Sidhani kama wakati ule alikuwa anaigiza.

Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa amekuja kujibu maswali, alisema kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, asibadilishe kitu. Watu waligeuka kutazamana.

Mama Emmanueli aliuliza kutoka pale alipokaa, bila kupaza sauti. "Umejifunzia wapi, mwanangu?"

"Kwa mama yangu."

"Mama yako ni muuguzi?"

"Hapana, mama." Devota alikuwa bado amekaa chini. "Mama yangu ndiye aliyekuwa anaanguka."

Mama Emmanueli akainuka, akajifunga vizuri kitenge chake, akaondoka uwanjani. Devota aliokota khanga yake, akamfuata nyuma kwa mbali. Muuguzi alianza kujibu maswali, na yalikuwa mengi, lakini sikusikia hata moja.

Asubuhi yake tulikwenda nyumbani kwao, miguu ikiwa mizito. Devota alikuwa akifagia ua, macho yamevimba. Lakini alikuwa akifagia ua wa nyumba ileile. Mama Emmanueli alituita tukae. Alisema ana hasira, na tusidhani hana. Walidanganywa, na mwanawe akirudi ataambiwa kila kitu, na baba wa nyumba bado hajasema neno lake. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Nilikuwa na kaka. Alianguka motoni tukiwa watoto. Nilizuiwa nisimguse, nikasimama nikimtazama akiungua." Alimwangalia Devota pale uani. "Jana huyu hakusimama kutazama."

Tulipoaga, alinipa ujumbe: mama yake Devota aje. Anataka kumwona yeye mwenyewe, si wajomba.

Ujumbe kama huo haupelekwi kwa simu. Badala ya kushika njia ya Bukoba tuligeuza gari kurudi Ngara, na njia nzima niliupanga upya nikitafuta namna ya kuusema usiwe mzito. Tulimkuta Mama Devota akipepeta maharage. Nilimweleza yote, hata hasira. Aliuliza kama mwanawe amelia. Nikasema ndiyo. Akauliza kama anaitwa ili asemwe au ili aonwe. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Aliinuka, akaoga, akavaa kile kitenge kipya. Alichukua mkungu wa ndizi, na pakiti ya dawa zake akaitia ndani ya mkoba. Alipokuwa ameketi kiti cha mbele, nilimuuliza tuifanyeje filamu. Nilimwambia naweza kuifuta siku hiyohiyo akitaka.

"Usiifute," alisema. "Ngoja kwanza nifike mimi. Picha itakuja nyuma yangu."

Nyamahanga tulimshusha njiapanda, nyumba ikionekana, maana hakutaka afikishwe na gari mpaka mlangoni. Mama Emmanueli alikuwa ameshatoka nje. Wale mama wawili walisimama wakitazamana, kisha mwenyeji akaupokea ule mkungu wa ndizi, akatangulia kuingia ndani, na mgeni akafuata. Baba wa nyumba alikuwa barazani. Hatukungoja kujua atasema nini. Halikuwa shauri letu.

Tangu niliporudi Bukoba, namna yangu ya kuomba ruhusa imebadilika. Zamani nilikuwa nauliza kama naweza kumrekodi mtu, na akikubali niliona yamekwisha. Sasa namwuliza sura yake isifike wapi na kwa nani, na kabla ya kila safari namwuliza tena, kwa kuwa watoto huolewa na mambo hubadilika. Wiki iliyopita Devota alinipigia simu kutoka hukohuko kwa mumewe. Alisema watu wa Nyamahanga wanauliza sinema yao itakuja lini.