Tao la Majani ya Migomba

Juzi niliona tao la majani ya migomba kwenye harusi hapa Nakuru, nikashindwa kupita chini yake. Utotoni, kwenye shamba la mzungu tulikoishi, niliwahi kuona tao kama hilo, nikadhani nalo ni la harusi, kwa kuwa mbuzi alikuwa amechinjwa.

"Pita chini ya tao, dada, ule kiapo cha kumfukuza mzungu," mjomba alimwambia mama. "Wenzako wote wamekula."

"Mimi nilishakunywa damu ya Yesu. Siwezi kuongeza ya mbuzi."

"Basi tutakuzika leo."

"Nawaogopa, lakini Mungu namwogopa zaidi."

Nilimvuta gauni nikimsihi apite, tukale nyama. Mjomba, aliyezoea kunibeba mabegani, aliinua panga. Mama alinifunika macho kwa kiganja.

"Nimekusamehe, ndugu yangu," nilimsikia akisema.

Kisha kiganja kikateleza usoni mwangu.