Ng'washi na Mizani ya Sauti

Yusta anakaanga mihogo mkabala na mashine ya mpunga, Ubaruku, na hadithi yake imeshazunguka kijiji kizima. Anasema Jumamosi ile watoto anaowafundisha Ng'washi kunyanyua uzito walikuwa wanayaamkia machuma, shikamoo, shikamoo, kama mtu anavyomwamkia mzee. Mara mgongo wa Gloria, mmoja wao, ukalia ka! Tangu hapo, anasema, mtoto hajaongezeka kimo hata kidogo.

Ilikuwa siku tisa zilizopita.

Saa moja asubuhi, uani nyuma ya mashine, machuma yenyewe yanaonekana: bomba la maji lililokatwa, na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kila kopo limepimwa kwenye mzani wa mashine na kuandikwa uzito wake. Watoto kumi na mmoja, wasichana tisa, wamejipanga kwa miaka yao. Mdogo ana kumi na mbili, mkubwa kumi na saba.

Mmoja anachuchumaa, bomba begani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Panda taratibu."

Anayefuata anasema "Shika..." na sauti inakwama. Ng'washi anamtua bomba, anapunguza kopo kila upande. Hamgombezi.

"Sauti ndiyo mizani yangu," anasema. "Mtoto atakudanganya kwa mdomo, atasema naweza, mwalimu, naweza. Pumzi haidanganyi."

Nje ya mazoezi haya Ng'washi, mwenye miaka thelathini na minane, hana ualimu wowote. Anashona magunia kwa shazia, shilingi mia mbili kila gunia, vidole vimeota sugu. Alifika bonde la Usangu akiwa mdogo, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, wakitokea Usukumani. Alipotimiza miaka kumi na sita alikuwa anapakia lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, kwenye malori pamoja na wanaume.

"Walikuwa wananiita trekta. Nami nikavimba kichwa, nikaona kweli mimi trekta."

Trekta liliharibika siku moja ya Julai. Gunia lilimzidi akiwa katikati ya ubao wa kupandia lori, akaanguka nalo. Alilala miezi minne, kisha akapelekwa Iringa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu akampa mti wa fagio.

"Nikasema huyu baba ananidharau. Wiki sita nanyanyua mti wa fagio! Lakini kwa huo mti ndiyo nikajua mgongo unakaaje."

Ndiyo maana kwake kila mtoto anaanza na mti, mwezi mzima. Hakuna kushindana, hakuna kufanya siku mbili mfululizo, na anayeumwa hata kidole anakaa pembeni anahesabia wenzake. Clement, muuguzi wa zahanati, hupita pale mara kwa mara na wazazi humuuliza swali lilelile.

"Mazoezi ya uzito yakisimamiwa vizuri hayamdumazi mtoto," anasema. "Kinachoumiza ni mzigo mkubwa wa ghafla, mgongo umepinda, hakuna anayemwangalia."

Mlango wa stoo una mistari ya mkaa, kimo cha kila mtoto kila mwezi. Wa Gloria umepanda sentimita mbili tangu Februari. Yusta ameonyeshwa.

"Mlango wake, mkaa wake," alijibu, akageuza mihogo.

Gloria ana miaka kumi na minne. Jumamosi anayosimulia Yusta, alinyanyua kilo kumi na mbili, akaamkia kwa sauti safi, akaenda nyumbani anaimba. Mgongo ulimkamata kesho yake, shambani. Mkokoteni ulikwama kwenye tope, mama yake akamtwisha kiroba cha mpunga akifikishe barabarani. Jumatatu kiroba kilifika mashineni. Ng'washi alikipandisha mzanini: kilo thelathini na nane.

Hakumwambia mtu.

"Ningesema wangemcheka mama yake," anasema. "Na mimi nikiwa na ndoo mkononi na mtoto mbele yangu, si ninamtwisha vilevile? Sote tunatwisha. Mtoto wa kwetu hajui kumwambia mama, huu umenizidi."

Hilo ndilo analolitaka: kabla ya mavuno yajayo, kila mtoto wa pale uani aweze kulisema bila kuogopa.

Mchana anakwenda kwa Eveline, mama yake Gloria. Wamefahamiana miaka mingi. Eveline yuko uani anapepeta mchele. Anamsogezea kigoda na kikombe cha togwa.

"Kamwene, Mama Gloria. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amelala. Leo amechota maji kidogo." Ungo unapanda, unashuka. "Dada, usinielewe vibaya. Kwako harudi. Watu wanasema."

"Wanasema."

"Mwenyewe unamwona alivyo mfupi."

"Bibi yake je, mrefu?"

Eveline anajikuta anacheka. Kisha anaacha.

"Harudi, dada."

"Sawa, asirudi. Mtoto ni wako." Ng'washi anaweka kikombe chini. "Naomba kimoja tu. Siku akikwambia mzigo umemzidi, mwamini."

Eveline hainui macho. Anarusha mchele, anaudaka, anarusha tena. Kwenye ungo hakuna pumba iliyobaki, na bado anapepeta.