Tulivyoshusha Nyuma ya Gari ya Mzee

Gari ya mzee wangu, bwana yangu, ilikuwa imeinua nyuma kama kuku anakunywa maji. Yeye mwenyewe ndiye aliifanya hivyo, wakati tulikuwa tunaishi Ziwani na yeye akiwa mtu wa kiwanda. Kila Disemba tulikuwa tunaenda nyumbani magharibi, na tukirudi tunarudi na magunia ya mahindi kwa buti, ndizi, kuku, na dada yake ambaye hakuna mtu alimwalika. Gari ikawa inalala chini. Mzee akaenda kwa fundi akaongezewa springi. Si zile za kuzunguka kama za kitanda. Ni vile vyuma virefu vimepinda, vinalaliana kama chapati kwa sahani. Akaongeza viwili kila upande. Tangu siku hiyo, hata tukiwa hatujabeba kitu, gari ilikuwa inainamia barabara ni kama imeangusha sindano.

Mzee alipotuacha, gari ikabaki nje ya nyumba hapa Kariobangi, imefunikwa turubai. Kijana wangu, ambaye ni baba ya watoto watatu lakini bado namwita kijana, alikuwa anaiwasha kila Jumapili. Inakohoa, anaizima, anaifuta vumbi. Mimi nilikuwa naiangalia tu kwa dirisha. Goti langu la kushoto lilikataa kupanda. Kuniingiza kwa ile gari ilikuwa lazima niwekewe stuli, halafu mtu anisukume.

Sasa mjukuu wangu akapata mtu wa kumuoa. Kijana akasema nisijali, atanikodishia gari nyeupe imepambwa maua.

Nikamwambia, "Mimi nitaenda kwa gari ya mzee, kwa kiti yangu, nyuma ya dereva. Kama si hivyo nitabaki hapa nikichunga sufuria."

"Na goti, mathe?"

"Shusha gari. Sitasukumwa kama gunia wakwe wakiwa wamesimama kwa mlango ya kanisa wakiniangalia."

Usiniulize kwa nini si kiti ya mbele. Ile ilikuwa ya mama mkwe, na mpaka leo nikiiangalia naona atageuka aniulize hiyo nguo nimevaa ilishonwa na nani.

Kijana wangu alifurahi sana, lakini si kwa sababu ya goti. Huyo akifurahi anaongea na bega moja: "Mathe, umenibamba! Hii ndai ikikaa chini, maboys wa hapa watalia!" Nywele zimeanza kumtoroka kichwani, lakini ndai lazima ikae chini.

Tukaenda kwa fundi wake. Ni mtu wa kutoka Murang'a, mwembamba, anaongea polepole ni kama anahesabu mayai, na mimi ananiita cucu, yaani nyanya kwa lugha yao. "Ai, cucu. Miaka yote niko hapa, watu wananiletea gari nipandishe. Hii barabara yetu unaijua. Na wewe unataka… nishushe?"

"Shusha."

"Haya, cucu. Lakini mimi sipimi gari ikiwa tupu. Niletee wale watakaa nyuma na wewe."

Nikaleta watu wawili. Wa kwanza ni jirani yangu anayeuza viatu vya mitumba. Huyo Mungu alimuumba bila haraka, na hakubana unga. Wa pili ni yule dada ya mzee, shangazi ya watoto. Bado hakuna mtu amemwalika, na bado hajaenda.

Fundi akapiga jeki, akatoa vile vyuma viwili kila upande, akashusha. Nyuma ikakaa chini kama mtu amechoka. Nikageuka nikaingia kwa makalio, na wacha nikwambie, ilikuwa kama kukaa kwa kitanda yangu mwenyewe. Nikashika kile kiti. Bado kilikuwa kinanuka tumbaku ya mzee. Jirani akaingia mlango ule mwingine, shangazi akiwa katikati. Gari ikalia ngiiii. Jirani akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia yeye.

Fundi akapiga magoti nyuma ya gari, akaingiza vidole kati ya tairi na bodi. "Vinne. Iko sawa kabisa."

Hapa sasa kuna jambo ambalo hata kanisani sijawahi kulisema. Mguu wangu mzuri nilikuwa nimeuacha nje, chini kwa mchanga, leso imeufunika, na nilikuwa nausukuma kwa nguvu. Sikutaka ile ngiiii ionekane ni yangu. Nilifikiri ni mimi peke yangu mjanja. Kumbe jirani naye alikuwa ameacha wake kwa mlango wake. Shangazi naye alikuwa ameshika viti vya mbele kwa mikono miwili, amejining'iniza ni kama popo.

Tukafunga milango, miguu ndani, tukaondoka tukipungia watu mkono. Kwa bampu ya kwanza, pale karibu na wauza mbuzi wa Kiamaiko, tukasikia GRRRAA! Mbuzi wote wakainua vichwa. Harufu ya raba ya tairi ikajaa ndani.

Shangazi akaanza, na sauti yake hiyo ya kupitia puani: "Mke wetu, mimi sitaki kutaja mtu, lakini si mimi."

Jirani: "Asubuhi nimekunywa chai tu! Chai kavu!"

Kijana akashuka, akaangalia chini ya gari, akaweka mikono kichwani. Bega halikuwa linaongea tena. "Mathe, imegoma. Kesho narudisha vyuma zote vile zilikuwa. Jumamosi utaenda harusi na ile ya maua."

Mimi mpaka nyumbani nilikuwa nahesabu bampu kwa vidole.

Kesho yake nikamfuata kwa fundi, na wale wawili nimewakokota. Fundi akatuangalia. "Cucu, jana ilikuwa vidole vinne. Usiku mmekula nini?"

Nikaona heri aibu ya hapa kuliko ile ya mlango ya kanisa. Nikasema yote, mguu na leso. "Sasa funga milango upime."

Jirani akaruka: "Mimi? Mimi sikuweka mguu nje! Labda ni kiatu tu."

Shangazi akashika viti tena. Fundi akamwambia kwa upole, "Mama, hata ukijishika namna gani, bado uko ndani ya gari."

Kilipita kidole kimoja, na hicho kwa shida. Akarudisha chuma kimoja kila upande. Sisi hatukuwa tumeshuka; akapima, vidole vitatu. Akasema sasa bampu haitatugusa. Tukashuka, gari ikainuka. Haikufika kule kwa kuku, lakini iliinuka. Nikajaribu kuingia peke yangu. Goti likakataa. Nikajaribu tena. Kijana wangu akageuka akajifanya anatafuta spana.

Fundi akamwangalia jirani, akaniangalia mimi, akaangalia chini. Ni mtu wa adabu. Jirani ndiye alielewa kwanza. "Haya! Kumbe dawa ni mimi?"

Akaingia. Miguu yote ndani, mikono ameikunja kifuani, mzigo wote ameuachilia bila kuficha hata ratili moja. Ngiiii! Shangazi akamfuata. Gari ikapiga magoti. Nikageuka, nikajishusha, kiti kikanipokea.

Jumamosi tulienda hivyo. Buti ilikuwa imejaa soda na sufuria, na hakuna bampu ilitugusa. Kwa kanisa nilishuka wa kwanza, hao wawili wakiwa bado wamenikalia gari chini, nikanyoosha kitenge, nikasalimia wakwe nikiwa wima. Jirani aliposhuka, nyuma ikainuka, na marafiki wa kijana wangu wakacheka mpaka simu zikatetemeka mkononi.

"Mathe," kijana akaninong'oneza, "hii gari inakaa chini tu mkiwa ndani."

"Basi usituache nyumbani."

Jioni nikasimama kwa mlango ya gari nikingoja jirani amalize kula, na yule hamalizi. Mama ya bwana harusi akapita, akaniona nimeshika mlango wazi nikiwaita wenzangu waingie kwanza. Akamwambia mwenzake, "Unaona heshima? Mama mzima, na anatanguliza wengine."

Nikainamisha kichwa kidogo, vile watu wa heshima hufanya.