Baiskeli ya Kaboni Iliyomnyima Raha Fundi Spoku

Saa moja kasoro asubuhi, Fundi Spoku anapindua baiskeli kuukuu miguu juu na kuzungusha gurudumu la nyuma. Macho hayako kwenye gurudumu. Yako ng'ambo ya barabara, kwenye duka lenye mlango wa kioo, ambako daktari wa meno anashusha garini baiskeli nyeusi ya milimani, ya nyuzi za kaboni, yenye springi mbele na nyuma.

"Ile naweza kuinyanyua kwa vidole viwili," anasema. "Lakini haiji kwangu. Inaenda kwake."

Kwake ni kwa mdogo wake wa kike. Spoku, mwenye miaka 54, ndiye aliyemfundisha kuziba pancha alipokuwa na miaka tisa. Leo binti huyo wa jana anahudumia baiskeli za wenye nazo, na kwa siku moja hupata anachopata kaka yake kwa wiki nzima.

"Watu wananiambia nijivunie. Najivunia, wallahi. Halafu roho inaniuma."

Mwezi uliopita, mdogo wake akiwa safarini, daktari alivuka barabara. Spoku anasema siku hiyo alijiona bwana harusi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kushusha kiti kidogo.

Kwa miaka 31 amekuwa akipaka grisi bomba la kiti ili lisishike kutu. Akalipaka na lile, ambalo nalo lilikuwa la kaboni. Kaboni haina kutu, na grisi huifanya iteleze. Kila alipokikalia kiti kukijaribu, kilizama. Akakaza nati. Kikazama tena. Akakaza kwa nguvu zake zote.

"Nikasikia *kach*. Chuma hupinda kwanza, kinakupa nafasi ya kutubu. Ile haikunipa."

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umejificha ndani ya kibanio kinacholishika bomba. Angenyamaza, asingejua mtu, mpaka siku daktari akiwa kwenye mteremko wa mawe, bomba likatike chini yake. Angesema, habari zingemfikia mdogo wake huko safarini kabla ya jioni.

"Nilimwogopa mdogo wangu kuliko mwenye mali," anakiri.

Akapiga moyo konde, akasema. Daktari hakufoka, alishukuru kwa sauti ndogo, akapakia baiskeli yake garini, akaondoka. Aliyefoka ni mdogo wake aliporudi.

"Kaka, kwa nini hukunipigia simu?"

"Nikupigie wewe nikuulize kushusha kiti? Mimi?"

"Ndiyo, wewe! Bomba la kwanza la kaboni nililivunja mimi, kwa grisi hiyohiyo uliyonifundisha!"

Kumbe kwa miaka sita mdogo wake alikuwa amemsitiri Spoku, hakumwambia mtu kosa lile lilitoka kwa nani.

"Nilitaka kumshukuru," anasema. "Lakini hapo ndipo wivu uliponizidi. Hata kukosea, amenitangulia!"

Sasa kila Jumatatu alasiri anafunga banda lake na kwenda ng'ambo kujifunza spana ya kupimia nguvu, ile inayokwambia basi, imetosha. Kuuliza si ujinga, anasema, ila kumuuliza uliyemfuta kamasi kunahitaji kifua.

Mpango wake haujifichi. "Nataka nizijue hizi baiskeli mpaka siku moja yeye akwame, avuke barabara aje kuniuliza. Nitamjibu vizuri tu. Lakini kwanza nitamwacha asubiri."