Kompaila Iliyojengwa Mara Tatu

Wanafunzi humwita Nukta. Haoni tangu utotoni, na kwa miaka kumi na minane amechapa vitabu vya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, katika chumba kilicho nyuma ya maktaba, akiisikiliza kompyuta yake yenye mfumo wa Linux ikimsomea kila neno.

Ijumaa asubuhi alikuwa amekwama. Jumatatu kulikuwa na mtihani wa hisabati, na programu mpya ya kuchora maumbo kwa nukta ilikataa kujengwa. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za mashine, ilikuwa imezeeka. Kwa mfumo wake hakukuwa na mpya iliyo tayari. Ilibidi aijenge mwenyewe.

Diski nayo ilikaribia kujaa.

“Futa hiyo ya zamani kwanza, dada,” alisema mdogo wake, mwalimu wa hisabati, ambaye kila mwaka huwaambia wanafunzi wasioona waruke swali la tano, lile la michoro.

“Na mpya itajengwa na nani? Mkunga hafukuzwi mtoto hajalia.”

Akafuta nyimbo zake zote.

“Sasa utasikiliza nini?”

“Nitaimba mwenyewe.”

“Basi tumekwisha!”

Saa mbili na nusu kazi ikaanza. Feni ikavuma, meza ikatetemeka. Kompaila ya zamani ikaijenga mpya. Mpya ikajijenga upya. Hiyo nayo ikajijenga tena.

“Si ilishamaliza?” mwalimu akauliza.

“Ya kwanza ni kazi ya mikono ya bibi, ile kompaila ya zamani. Ikiwa na kilema, utajuaje kama ni chake au cha bibi? Lakini ya pili na ya tatu zikitoka sawasawa, hapo unaiamini.”

Mwalimu alivuta kiti karibu. Maisha yake yote amesahihisha daftari za wengine. Hakuwa amewahi kuona kitu kikijisahihisha hivyo, bila haya wala upendeleo.

Saa sita na dakika kumi sauti ya kompyuta ikasema: zimelingana.

Nukta hakushangilia. Aliweka kiganja juu ya kasha la kompyuta, lililokuwa na joto kama paji la uso wa mgonjwa, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akaijenga programu ya maumbo, akachapa ukurasa, akampa mdogo wake.

“Fumba macho.”

Kidole cha mwalimu kikapanda upande mmoja, kikafika kwenye pembe, kikateremka, kikarudi kilipoanzia.

“Pembetatu,” alisema kwa sauti ya chini. Hakufumbua macho upesi. “Dada, swali la tano mwaka huu hawaliruki.”