Mama wa Kofia Nyekundu

Kila asubuhi msafiri alimkuta palepale, nyuma ya mahali mawimbi yanapovunjikia: mama mmoja wa kofia nyekundu, ameketi juu ya ubao wake wa kutelezea mawimbini, mikono mapajani, kama anayesubiri zamu kwa daktari. Wimbi dogo likija, aliliacha. "Pita, mwanangu, pita." Likija kubwa, alilipanda bila haraka. Hawakuwahi hata kusalimiana.

Siku mkondo ulipomkokota msafiri na ubao wake kuelekea bahari kuu, alipambana nao mpaka mikono ikafa ganzi. Ndipo vidole viwili vikashika ncha ya ubao wake. "Unashindana na nani, binti? Uache ukuchukue, utachoka wenyewe." Wakaelea pamoja, mama akisimulia bila kituo jinsi mkwewe anavyokoroma mpaka paka kahama nyumba, na msafiri akajikuta anacheka. Mkondo ukalegea, wakazungukia pembeni, wimbi likawafikisha mchangani. Msafiri akashusha pumzi. Mama alikuwa anahangaika na kamba ya kofia kidevuni. Kila akivuta, fundo lilizidi kukaza.

"Nifungulie, mwanangu. Hofu nusura iniue. Unadhani ningemsengenya mkwe wangu hivihivi, kwa mtu nisiyemjua hata jina?"